Gari, Mizani na Kadi: Historia ya Kliniki Tembezi za Watoto Vijijini Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kliniki tembezi za watoto zilizoendeshwa kwa msaada wa mashirika ya hisani katika maeneo ya vijijini ya Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Mifano mikuu imetolewa Uganda, Kenya na Tanzania, huku ile ya Kongo, Nijeria, Gambia, Rwanda na Burundi ikitumika kwa ulinganishi. Hoja inayojengwa ni kwamba gari, ambalo ndilo lililovuta macho ya wahisani, halikuwa kiini cha mafanikio ya kliniki hizo. Kiini kilikuwa marejeo ya uhakika, yaani siku ya kliniki isiyovunjwa, kumbukumbu iliyokaa mikononi mwa mama, na kituo cha kudumu kilichosimama nyuma ya msafara. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza maswali ambayo washauri wa sera wanaweza kuyauliza kabla ya kupokea msaada wa aina hii.

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, muuguzi wa zahanati anapopanga chanjo katika kasha lenye barafu, akapanda baiskeli au pikipiki na kwenda kuwahudumia watoto wa kitongoji kilicho mbali, kazi hiyo huitwa huduma ya mkoba. Gari la shirika linapotoka mjini likiwa na daktari, dawa na nembo ubavuni, likatua katika uwanja wa shule kwa siku moja, huitwa kliniki tembezi. Katika mazungumzo ya kila siku majina haya mawili hubadilishana nafasi, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba yanataja kitu kimoja. Hata hivyo, yanabeba picha mbili tofauti. Mkoba una mwenyewe, na mwenyewe ana kwao. Hutoka asubuhi na kurudi jioni. Kutembea peke yake hakusemi mtembezi ametoka wapi wala kama atapita tena.

Tofauti hiyo ya maneno inafungua swali la kihistoria. Kwa takribani miaka mia moja, wamisionari, serikali za kikoloni, mashirika ya hisani na mashirika ya kimataifa wamejaribu kuwafikia watoto wa vijijini kwa kuipeleka huduma walipo. Baadhi ya juhudi hizo zilipunguza vifo na zikaacha mazoea yaliyodumu hata baada ya waanzilishi kuondoka. Nyingine zilipokewa kwa shangwe, zikapigwa picha, kisha zikatoweka pamoja na mafuta ya gari. Makala haya yanauliza ni nini kilichozitofautisha.

Swali hili halihusu wakati uliopita pekee. Wizara za afya za ukanda huu huletewa magari ya msaada, na kila gari lililopokelewa huja na dereva wa kulipwa, matairi ya kubadilishwa na mafuta ya kununuliwa. Mshauri anayependekeza lipokewe au likataliwe anafanya uamuzi ambao watu wengi walishaufanya kabla yake, na matokeo ya maamuzi yao yanaweza kusomwa.

2.0 Chimbuko: msafara wa amri na mkunga wa kijijini

Tiba ya kutembea haikuanzia kwa watoto. Ilianza na magonjwa ya mlipuko, hasa malale. Katika Ubangi-Chari na Kamerun, daktari wa kijeshi wa Kifaransa, Eugène Jamot, alijenga katika miaka ya 1910 na 1920 mfumo wa timu zilizopita kijiji hadi kijiji zikiwapanga watu mistari, kuwapima na kuwatibu. Katika Kongo ya Wabelgiji, mfuko uliojulikana kama FOREAMI uliundwa mwaka 1930 kwa jina la Malkia Elisabeth, ukaanza kazi Kongo ya Chini kwa kuchunguza wakazi wa eneo zima, wakiwemo watoto wachanga. Mifumo hii ilifika mbali na iliokoa maisha. Hata hivyo, ilitegemea amri. Wanakijiji hawakualikwa bali waliitwa, na kutofika kungeweza kuleta adhabu. Madhara nayo yalikuwepo: huko Kamerun, dozi kubwa mno ya dawa ya malale iliyotolewa chini ya mfumo wa Jamot iliwapofusha mamia ya wagonjwa.

Sambamba na mkondo huo ulikuwepo mwingine uliokwenda polepole zaidi. Nchini Uganda, Albert Cook wa misheni ya Kianglikana alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mkewe Katharine Cook alisimamia shule ya kufundisha wakunga wa Kiafrika, ambao baada ya mafunzo walipelekwa katika vituo vidogo vya uzazi vijijini. Mpango huo ulikuwa na dosari zake. Ulibeba maonyo makali ya kimaadili dhidi ya wanawake wa Kiganda, na uliwaweka wakunga hao chini ya uangalizi wa karibu wa misheni. Pamoja na hayo, ulifanya jambo moja ambalo msafara wa malale haukulifanya: ulimwacha mtu kijijini. Mama aliyejifungua katika kituo hicho alijua ni nani wa kumwendea mtoto wake anapougua.

Kwa upande wa hisani ya kimataifa, hatua muhimu ilikuwa mkutano kuhusu mtoto wa Afrika uliofanyika Geneva mwaka 1931. Uliandaliwa na muungano wa kimataifa wa mashirika ya kuokoa watoto, uliotokana na kazi ya Eglantyne Jebb, ambaye pamoja na dada yake Dorothy Buxton alianzisha Save the Children mjini London mwaka 1919. Mkutano ulijadili vifo vya watoto wachanga, elimu na kazi za watoto. Waliohudhuria walikuwa zaidi wamisionari, maofisa wa makoloni na wataalamu wa Ulaya. Waafrika walikuwa wachache mno. Hali hiyo ya awali inaeleza mengi kuhusu miongo iliyofuata. Mtoto wa kijijini Afrika alikwisha kuwa suala la hisani ya dunia kabla mama yake hajapewa nafasi ya kusema anachohitaji.

3.0 Gari na hofu

Watafiti wanaosoma takwimu za mahudhurio huelekea kudhani kwamba kizuizi kikuu kilikuwa umbali. Masimulizi ya watu wenyewe yanaonyesha kizuizi kingine. Katika pwani na bara ya Tanganyika na Kenya zilienea habari za mumiani, watu waliodaiwa kunyonya damu kwa ajili ya dawa. Nairobi na Uganda waliitwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White ameonyesha jinsi masimulizi haya yalivyofungamana na magari, makoti meupe, sindano na ajira za kikoloni. Kwa macho ya wasimuliaji, gari lisilo la mtu wa kijijini, lenye milango iliyofungwa na wahudumu wanaotoa damu, lilikuwa na sababu zote za kuogopwa.

Mulago, katika miaka ya 1950, hofu hiyo ilikutana na sayansi ya unyafuzi. Ugonjwa huu ulikuwa umeelezwa na Cicely Williams huko Gold Coast katika maandishi yake ya mwaka 1933 na 1935, ambamo alilichukua jina la kwashiorkor kutoka lugha ya Kiga ya pwani ya nchi hiyo. Kampala ikawa kitovu cha utafiti wake, na mwaka 1954 Hugh Trowell, J. N. P. Davies na Rex Dean walichapisha kitabu kikubwa kuhusu ugonjwa huo. Watoto walilazwa, wakapimwa damu mara kwa mara, wakalishwa maziwa ya unga. Wengi walipona. Hata hivyo, kama Jennifer Tappan anavyoeleza katika utafiti wake wa kihistoria, wazazi walijifunza mambo mawili ambayo madaktari hawakukusudia kuyafundisha. La kwanza ni kwamba hospitali huchukua damu ya watoto, na baadhi yao hufa. La pili ni kwamba dawa ya unyafuzi ni maziwa ya chupa.

Somo hilo la pili lilikuwa na madhara. Hebe Welbourn, daktari aliyeendesha kliniki za ustawi wa watoto ndani na kandokando ya Kampala katika miaka ya 1950, aliandika kuhusu kuenea kwa chupa miongoni mwa familia zisizo na maji safi wala fedha za kununua maziwa ya kutosha. Mtoto aliyenyonyeshwa kwa chupa chafu yenye maziwa yaliyozimuliwa mno alirudi na kuhara na kukonda. Hisani iliyotoa maziwa bila kubaki kuona yanavyotumika ilikuwa imechangia tatizo iliyolenga kulitibu.

4.0 Mizani na kadi

Mabadiliko ya kweli katika kliniki za watoto yalitokana na kifaa cha bei nafuu kuliko gari. Mwaka 1957, katika kijiji cha Imesi-Ile kusini magharibi mwa Nijeria, David Morley wa hospitali ya misheni ya Kimethodisti ya Ilesa alianza kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Alitaka kujua ni nini hasa kinachowaua watoto wa chini ya miaka mitano, na aliona kwamba jibu halikuwa kwenye wodi bali katika miezi inayotangulia wodi. Mtoto haanzi kuumwa unyafuzi siku anapovimba miguu. Huanza siku uzito wake unapoacha kupanda.

Kutokana na kazi hiyo ilitokea kadi ya makuzi, yenye mstari unaoonyesha njia ambayo uzito wa mtoto mwenye afya unapaswa kuifuata. Jambo lililoitofautisha kadi hiyo na daftari la hospitali ni mahali ilipokaa. Morley alisisitiza ikae kwa mama, katika mfuko wa plastiki, na alidai kwamba kadi hupotea mara chache zaidi nyumbani kuliko katika makabati ya kliniki. Kwa uamuzi huo, kumbukumbu ya mtoto iliacha kuwa mali ya yule aliyekuja na gari. Muuguzi mpya, kituo kipya au shirika jipya liliweza kuendelea pale mwenzake alipoishia.

Afrika Mashariki iliyapokea mawazo hayo mapema. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, alifundisha kwamba kliniki ya watoto wadogo inapaswa kukinga na kutibu mahali pamoja na siku moja, kwa kuwa mama aliyetembea saa tatu hatarudi kesho kwa ajili ya chanjo. Mwaka 1966 Maurice King alihariri kitabu kuhusu tiba katika nchi zinazoendelea, kilichotokana na mkutano uliofanyika Makerere. Kitabu hicho kilisambaza kanuni kwamba huduma lazima itolewe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana, na na mtumishi mwenye mafunzo ya chini kabisa anayeweza kuifanya kwa usalama.

Mfano ulio wazi zaidi wa mawazo haya ni Mwanamugimu, kitengo cha lishe kilichofunguliwa Mulago mwaka 1965 kwa msaada wa Save the Children. Jina lake linatokana na methali ya Kiganda inayounganisha afya ya mtoto na afya ya mama yake. Mama alilala kitengoni pamoja na mtoto, akapika mwenyewe kitobero, yaani mlo wa mchanganyiko wa vyakula vinavyopatikana shambani, na akamwona mtoto wake akipona mbele ya macho yake bila chupa na bila sindano. Aliporudi kijijini alikuwa ushahidi unaotembea. Kitengo kilitoka pia nje ya mji, hasa kupitia kituo cha afya cha Luteete kaskazini mwa Kampala. Huko, gari lilikuwepo, lakini lilikuwa kiungo kati ya kituo na vijiji vilivyokizunguka.

Uthabiti wa mpangilio huo ulipimwa na historia yenyewe. Baada ya mwaka 1971 Uganda iliingia katika utawala wa Idi Amin, wataalamu wengi wa kigeni na wa Uganda wakaondoka, vipuri na mafuta vikawa adimu. Programu zilizotegemea wageni na magari zilisimama. Mwanamugimu ilidhoofika lakini haikufa, kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wenyeji, chakula chake kilitoka mashambani, na maarifa yake yalikwisha kuhamia kwa akina mama.

5.0 Ndege na Land Rover

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba chombo cha usafiri hakina maana. Katika maeneo ya wafugaji, ambako watu wenyewe huhama kufuata malisho, kituo cha kudumu hakitoshi. Mwaka 1957, madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo baadaye ilikua na kuwa AMREF, yenye makao yake Nairobi. Ndege na simu za upepo ziliunganisha hospitali za misheni zilizotengwa na mabonde, jangwa na mito isiyo na madaraja. Timu za magari zilifanya kazi pia miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado.

Kutoka katika huduma hiyo alijulikana Anne Spoerry, daktari mwenye asili ya Ufaransa na Uswisi ambaye watu walimwita Mama Daktari. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi kifo chake mwaka 1999 alirusha ndege yake mwenyewe kwenda kaskazini mwa Kenya na eneo la Lamu, akichanja watoto na kutibu wagonjwa. Sifa yake mara nyingi hutolewa kwa ujasiri wa kuruka. Kwa mtazamo wa makala haya, sifa inayostahili kuangaliwa ni kwamba alirudi, tena kwa ratiba, kwa zaidi ya miaka thelathini. Alama hiyo haiwezi kununuliwa kwa kununua ndege. Ilikuwa katika mtu mmoja, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake pia: mtu mmoja harithishiki kama kadi.

Gharama zilikuwa suala la pili. Mwaka 1977 Oscar Gish na Godfrey Walker walichapisha utafiti kuhusu huduma tembezi barani Afrika, wakipima matokeo dhidi ya fedha zilizotumika. Hitimisho lao halikuwapendeza wahisani wa vyombo. Huduma ya kutembea, na hasa ya ndege, mara nyingi iligharimu zaidi kwa kila mgonjwa kuliko huduma ya kituo, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha na ya muda wa wataalamu iliishia njiani. AMREF yenyewe ilielekea upande huo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikiwafundisha wahudumu wa afya waliochaguliwa na jamii zao katika mradi wa Kibwezi, badala ya kutegemea daktari anayeshuka kutoka angani.

6.0 Hesabu ya chanjo

Chanjo ndiyo inayoonyesha kwa ukali zaidi thamani ya marejeo. Kinga dhidi ya dondakoo, kifaduro na pepopunda huhitaji dozi tatu, kila moja ikitengana na nyingine kwa wiki nne au zaidi. Chanjo ya surua hutolewa baada ya mtoto kufikisha miezi tisa. Kliniki tembezi inayopita kila baada ya miezi mitatu na kumkuta mtoto akiwa na miezi miwili humpa dozi ya kwanza. Akiwa na miezi mitano hupata ya pili, na akiwa na miezi minane hupata ya tatu. Mvua ikikata barabara mara moja tu, dozi ya tatu husogea hadi mwezi wa kumi na moja. Hatari kubwa ya kifo kwa kifaduro huwa katika miezi sita ya kwanza. Kwa hiyo mtoto huyo atahesabiwa katika taarifa ya mradi kuwa amekamilisha chanjo, ilhali kipindi alichohitaji kinga zaidi kilimpita akiwa na kinga nusu.

Surua inatoa somo hilohilo kwa kiwango cha taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 timu tembezi ziliwachanja watoto nchini Gambia kwa ukamilifu kiasi kwamba maambukizi ya surua yalikatika nchini kwa muda. Lilikuwa fanikio kubwa. Lakini watoto waliendelea kuzaliwa kila siku, na kampeni ilikuwa na mwisho. Juhudi zilipolegea na fedha zilipopungua, surua ilirudi. Timu inayopita huwakinga watoto waliopo siku hiyo. Watakaozaliwa mwezi ujao wanahitaji kliniki yenye anwani.

Ndiyo maana programu ya kupanua chanjo, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1974, ilipofika katika nchi za Afrika Mashariki, ilijengwa juu ya mnyororo baridi unaoanzia bohari ya taifa hadi friji ya mafuta ya taa katika kituo cha afya, na kutoka hapo hadi kasha la huduma ya mkoba. Pale friji ilipokuwa nzima, mkoba ulikuwa na maana. Pale ilipoharibika, mkoba ulibeba maji yasiyo na kinga.

7.0 Kijiji kinapojipimia

Tanzania ilijaribu kuligeuza swali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sera iliweka mkazo kwenye vituo vya afya na zahanati vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili maji, vyoo na mbu. Ujumbe wa Alma-Ata wa Septemba 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi haukuwa mgeni masikioni mwa Watanzania.

Hatua iliyokwenda mbali zaidi ilikuwa mradi wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168 chini ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za serikali ya Italia. Kila robo mwaka kijiji kilifanya siku ya afya. Mizani ilitundikwa, watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwa na wahudumu waliochaguliwa na kijiji chenyewe, na matokeo yakapelekwa kwa serikali ya kijiji. Hapo viongozi walilazimika kujadili kwa nini watoto fulani hawaongezeki: je, mama hana muda wa kuwalisha mara ya kutosha, kaya haina chakula, au maji ni machafu? Kati ya mwaka 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulipungua kutoka takribani asilimia 6 hadi takribani asilimia 2 ya watoto waliopimwa.

Mradi wa Iringa haukuwa bila mhisani, na suala la nani awalipe wahudumu wa vijiji liliendelea kusumbua Tanzania kwa muda mrefu. Lakini ulibadilisha mwelekeo wa safari. Gari lilileta mizani na mafunzo. Upimaji, kumbukumbu na uamuzi vilibaki kijijini. Siku ya kliniki haikuahirishwa kwa sababu dereva anaumwa.

8.0 Kurudi kwa magari

Misukosuko ya uchumi ya miaka ya 1980 iliudhoofisha msingi huo. Bajeti za afya zilibanwa, na ada za matibabu zikaingizwa: Kenya mwishoni mwa mwaka 1989, Tanzania kuanzia mwaka 1993. Zahanati zilikosa dawa na watumishi hawakulipwa ipasavyo. Katika pengo hilo mashirika ya hisani yaliongezeka, na kliniki tembezi ilirudi kwa nguvu. Ilikuwa rahisi kufadhiliwa: ina mwanzo na mwisho, idadi ya waliohudumiwa na picha ya kupeleka kwa wachangiaji. Mshahara wa muuguzi wa zahanati kwa miaka kumi haupigiki picha.

Nchi za ukanda huu zimejibu kwa njia tofauti. Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, ikaanzisha timu za afya za vijiji, na tangu mwaka 2004 imetenga miezi ya Aprili na Oktoba kwa siku za afya ya mtoto, ambapo vitamini A, dawa za minyoo na chanjo hupelekwa karibu na watu. Burundi ilitangaza matibabu bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2006. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilijenga mtandao wa wahudumu wa afya wa jamii wanaoishi katika kila kijiji, ambao hutibu malaria, kuhara na nimonia za watoto na kuwapima makuzi. Tanzania, kupitia mpango wa maendeleo ya afya ya msingi wa mwaka 2007, ililenga kila kijiji kiwe na zahanati. Njia hizi zote zinatumia usafiri, na zote zimepokea misaada. Lakini katika kila moja ratiba inawekwa na nchi, na shirika linaombwa kuifuata.

9.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa haiungi mkono upande wowote wa mjadala uliozoeleka, ambapo wengine huona kliniki tembezi kuwa wokovu na wengine huiona kuwa upotevu wa fedha. Inaonyesha kwamba kutembea kuliwafaa watoto kulipokuwa sehemu ya mpangilio wenye makao. Luteete ilifanikiwa kwa sababu gari lilitoka mahali na kurudi mahali. Kadi ya Morley ilifanikiwa kwa sababu ilimfuata mtoto, si shirika. Iringa ilifanikiwa kwa sababu kijiji kiliweza kupima bila kusubiri mgeni. Kinyume chake, msafara wa amri uliacha hofu, maziwa ya msaada yakaacha chupa, na kampeni ya Gambia ikaacha watoto wapya bila kinga.

Kutokana na hayo, mshauri anayeletewa pendekezo la kliniki tembezi ana maswali manne ya kuuliza kabla ya kuuliza bei ya gari. Kwanza, ni kituo gani cha kudumu kitakachopokea wagonjwa watakaogunduliwa, na je, kina mtumishi, dawa na friji? Pili, kliniki itarudi mahali palepale kila baada ya muda gani, na nani atalipia mafuta katika mwaka wa nne, baada ya mradi wa miaka mitatu kwisha? Tatu, kumbukumbu za mtoto zitakaa wapi: katika kadi ya taifa aliyonayo mama, au katika kompyuta ya mfadhili? Nne, ni nani kijijini atakayejifunza kuifanya kazi hiyo ili siku moja gari lisihitajike, na katika maeneo ya wafugaji, ni nani kati ya wanaohama atakayefundishwa kuhama nayo?

Pendekezo lenye majibu ya maswali hayo linastahili kupokewa, hata kama gari lake ni kuukuu. Lisilo na majibu litatoa huduma kwa siku moja, nalo litawaacha akina mama waliotembea saa tatu wakisubiri uwanjani mwezi unaofuata, wakiwa na watoto mgongoni na dozi ya pili isiyokuja.